Pini Inayojiondoa Yenyewe: Miaka Thelathini na Moja ya Ndugu Eliakimu Uronu

Ifikapo saa tisa na nusu alasiri, Jumatano tarehe 30 Juni 1982, Ndugu Eliakimu Uronu atanawa mikono, atatundika aproni yake yenye matundu mengi kuliko kitambaa, na kuondoka Karakana ya Vifaa vya Tiba, Msimbazi, akiwa amelitumikia tangi la asidi kwa miaka thelathini na moja, miezi minne na siku kumi na moja. Hesabu hiyo kaifanya mwenyewe. Ofisi ya Utumishi ilikuja na miaka ishirini na tisa. Akawaandikia barua, wakanywea.

Uongozi umemwomba Bushiri, mtunza ghala, aandike kurasa chache za heshima kwa ajili ya programu ya sherehe. Heshima itajitahidi kuwepo. Bushiri, ambaye kuanzia hapa ataitwa mwandishi, amefanya kazi na Ndugu Eliakimu kwa miaka kumi na minane, na katika miaka hiyo kuna siku tisa ambazo hawakusemeshana kabisa. Sababu ya siku hizo itaelezwa humu humu, kwa kuwa ni afadhali mtu ajiumbue mwenyewe kuliko kuumbuliwa na mgeni rasmi kwenye kipaza sauti.

Ndugu Eliakimu alizaliwa Machame mwaka 1927. Alifika Dar es Salaam Februari 1951 akiwa na barua ya mchungaji iliyomtambulisha kuwa kijana mwenye mwandiko mzuri, anayefaa ukarani. Nafasi za ukarani zilikuwa zimeshajaa watu wenye mwandiko mbaya. Siku ya tatu akaona tangazo kwenye mlango wa karakana ya Bwana Natvarlal, nyuma ya soko la Kariakoo, walipokuwa wakichovya nikeli usukani wa baiskeli, taa za magari na vikombe vya washindi wa kandanda. Bwana Natvarlal alitaka mtu asiyeogopa harufu. Eliakimu akajibu kwamba amekulia nyumba moja na ng'ombe watatu. Akaanza kazi asubuhi ile ile.

Alichojifunza pale ametuhubiria hadi masikio yameota sugu: kuchovya si kazi, kazi ni kuosha. Chuma chenye alama ya kidole cha mtu hulikataa koti lake. Koti ndilo jina tunalolitumia humu karakanani kwa ule utando mwembamba unaovikwa chuma ili kisiliwe na maji, chumvi na hewa. Basi Ndugu Eliakimu huosha. Tumemwona akiosha vijiko vya chai kabla ya kunywa na baada ya kunywa. Tumemwona akiosha funguo. Mwaka 1970 aliosha mihuri ya ofisi kwa bidii hadi herufi zikafutika, na barua zote za karakana zikasimama wiki nzima bila mtu yeyote kuona tofauti.

Azimio lilipokuja na karakana ikawa mali ya umma, Bwana Natvarlal alikabidhi funguo, matangi matano na daftari la kanuni za kazi lililoandikwa Kigujarati. Tangu hapo kibao cha mlangoni kimebadilishwa mara tatu na meneja mara tano. Matangi ni yale yale. Tuliacha baiskeli, tukaingia kwenye mikasi ya upasuaji, koleo na mabeseni ya hospitali. Daftari lilikaa miaka kadhaa bila msomaji, mpaka Ndugu Hemlata, binti wa Bwana Natvarlal, alipomaliza masomo ya kemia na kuajiriwa katika karakana iliyowahi kuwa ya baba yake. Watu walitega macho waone kisirani. Yeye aliingia, akamwamkia Eliakimu shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akafungua daftari na kumwonyesha kwamba kipimo kimoja cha asidi alikuwa akikikosea miaka yote hiyo. Eliakimu alikiri. Meneja wa wakati huo aliyekuwepo akishuhudia alishangaa, maana hakuwa amewahi kuona mtu akikiri kosa ndani ya jengo lile.

Haiwezekani kumuaga Ndugu Eliakimu bila kutaja ugeni wa mwaka 1974. Tulitangaziwa mgeni mzito kutoka wizarani, na amri ikatoka kwamba king'arishwe chochote kilichopo. Kilichokuwepo siku hiyo ni vyombo vya haja vya wagonjwa wasioweza kushuka kitandani. Eliakimu alikivika kimoja nikeli kwa ustadi ambao Bwana Natvarlal angeutolea chozi. Meneja, mtu wa mikutano asiyejua vyombo, alikikuta mezani, akakipenda, akakijaza ndizi mbivu na kumkaribisha mgeni. Mgeni alikula tatu na kulisifia bakuli. Eliakimu alikuwa amesimama mstari wa mbele, uso wake ukiwa wa mtu aliye ibadani. Tunaliandika jambo hili kwa mara ya kwanza kwa sababu mgeni yule amehamishiwa mkoa wa mbali, na pia kwa sababu chombo kilikuwa kipya.

Lakini kung'arisha hakungemweka hapa miaka yote hii. Kilichomweka ni mkono wa mkewe.

Mwaka 1963 Bi. Euphrasia, fundi cherehani aliyewashonea magauni maharusi wa nusu ya Kariakoo, aliteleza kwenye ngazi za Feri, soko la samaki, akiwa na kapu lake, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Akatiwa pini mbili za chuma, na mfupa ukaunga vizuri. Kisha, kama ilivyo desturi, alirudishwa mezani apasuliwe mara ya pili ili pini zitolewe. Mpasuo huo wa pili ndio uliooza. Mkono uliokolewa, ila tangu siku hiyo vidole vyake havijakunja ngumi. Cherehani iko sebuleni kwao, imefunikwa kitambaa cheupe. Eliakimu si mtu wa kulisemea sana jambo hilo. Alilisema mara moja tu mbele yetu, matangani: kwamba aliyemnyang'anya mkewe mkono si mvunjiko, ni ile safari ya pili ya kisu, na kwamba kabla hajastaafu anataka kuona mtu mmoja, mmoja tu, akiungwa mfupa bila kupasuliwa mara mbili.

Nafasi ilikuja kwa uzembe, kama nafasi nyingi zinavyokuja. Mwaka 1979 tulipokea kasha la fimbo nyembamba za magnesi, metali nyepesi, zilizokuwa ziende maabara za shule. Tuliandika barua kueleza kosa hilo. Tunaendelea kusubiri majibu. Eliakimu akatumbukiza fimbo moja kwenye maji ya chumvi aone itakuwaje, na baada ya siku chache akaitafuta asiione. Akatoka mbio na aproni yake hadi kwa Daktari Onesphory, mpasuaji wa mifupa ambaye mikasi yake hutengenezwa kwetu. Daktari akamweleza kwamba madaktari wa Ulaya waliijaribu metali hiyo zamani sana, kwa kuwa mwili huivumilia na kuimumunya wenyewe taratibu. Waliiacha kwa sababu ilikwisha kabla mfupa haujaunga, na ilipokwisha kwa haraka ilitoa gesi, nyama ikaumuka kama andazi. Eliakimu alisikia nusu ya kwanza tu. Hiyo nusu ya pili, alisema, ni shauri la koti.

Koti lenyewe lilitakiwa liwe na tabia mbili zisizopatana. Liikinge pini kwa wiki kadhaa mpaka mfupa ushikane, halafu nalo liondoke bila kuaga. Yeye na Hemlata walizichemsha pini katika magadi makali, wakazilaza kwenye maji ya moto yenye chokaa na fosfeti mpaka zikavaa ukoga mweupe, wa jamii moja na vile vitu vinavyojenga mfupa. Koti jembamba lilitoa mapovu siku ya kwanza. Koti nene lilibanduka kama chokaa ya ukuta wa nyumba ya kupanga.

Ikabaki namna ya kujaribu. Daktari alisema ndani ya mwili wa mtu kuna joto, chumvi na protini. Maji ya maabara yenye sifa hizo yangetoka ng'ambo, na fomu za kuyaagiza zingetuzeesha sote. Eliakimu akafikiri kidogo, akasema kitu chenye joto, chumvi na protini kinauzwa hatua hamsini kutoka getini kwetu, kwa Mama Severa. Huyu ni mjane kutoka Kibosho, anayeuza supu ya ng'ombe mtaa wa pili tangu mwaka 1965, na nusu ya wafanyakazi wetu huwa hawajawa watu mpaka wapate bakuli lake. Hemlata alipiga hesabu zake, akasema wazo lina akili, kwa sharti moja: sufuria ikae upande wa pili wa jengo. Nyumbani kwao nyama haijawahi kupikwa, na harufu yake humshinda. Meza ikawekwa kwenye mlango wa ghala. Na kwa kuwa ilikuwa mlangoni kwake, kazi ya kwenda kuchukua supu ikamwangukia mwandishi.

Kuanzia Septemba 1980, kila asubuhi supu mpya iliingia kwenye sufuria, sufuria ikaketi ndani ya maji ya uvuguvugu, na pini sita zikaning'inizwa humo kwa uzi. Na kila baada ya siku mbili pini zilikuwa zimeliwa, zimebaki vijineno vinavyotoa mapovu. Eliakimu alibadilisha kanuni ya koti mara kumi na moja. Aliosha pini mpaka Hemlata akawaonea huruma, pini na mwoshaji. Mtu huyu ambaye huimba sauti ya tatu kwaya nzima ikamsikia yeye peke yake, aliacha kuimba kazini. Alianza kuja Jumapili baada ya ibada na suti yake, akasimama juu ya sufuria ile akiiangalia. Meneja, ambaye shughuli yote aliiita uganga, akatoa tarehe: Aprili 1981 ikiisha bila matokeo, fimbo ziende shuleni na Eliakimu arudi kwenye mabeseni. Wakati huo alikuwa amebakiza mwaka mmoja na miezi miwili.

Aprili ikaja na masika, paa la ghala likavuja kama ilivyo ada yake, na meza ya supu ikasogezwa karibu na dirisha la Hemlata. Siku ya kwanza alivumilia. Siku ya pili akainua pua, akauliza kwa upole, kama mtu anayeulizia saa: "Kwani binadamu ana ndimu ndani?"

Akachukua kipande cha karatasi ya litmasi, ile inayofichua asidi, akakichovya kwenye sufuria. Kikawa chekundu kama pilipili.

Macho yote yakamgeukia mwandishi. Mwandishi alijitetea, na anajitetea hadi leo hii, kwamba hakuna aliyemwambia. Alitumwa supu, akaleta supu. Supu isiyo na ndimu ni maji aliyokogea ng'ombe. Kila asubuhi kwa karibu miezi minane alikamulia ndimu mbili, tena zile kubwa, kwa nia njema kabisa. Na siku ambazo pini zilionekana kudhoofu aliongeza ya tatu. Karakana ina watu zaidi ya thelathini, karibu wote wanywaji wa supu, na wote walipita kando ya sufuria ile kila siku. Hakuna aliyeistaajabia harufu, kwa kuwa ndivyo supu inavyonukia. Ilibidi aulize asiyeinywa.

Ndizo zile siku tisa. Eliakimu hakugomba wala hakusema na mwandishi neno lolote, hata la kuomba misumari. Siku ya kumi akaja na kopo lake, akamwashiria amfuate, wakaenda pamoja hadi kwa Mama Severa kuagiza supu tupu. Mama Severa akaweka mikono kiunoni. "Supu haina ndimu, haina pilipili? Mna mgonjwa huko, au mna mtu mnayemchukia?" Hemlata naye alikuwa amemwandikia meneja barua ya kurasa nne iliyojaa alama za kemia, kuomba muda zaidi. Meneja hakuthubutu kuuliza hata alama moja ina maana gani, akatia sahihi.

Katika supu tupu, koti la tatu, lile ambalo Eliakimu alilitupa tangu Novemba, lilikaa siku arobaini na nne. Alikuwa nalo muda wote. Aliposomewa matokeo alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Bushiri," akasema, "umenimaliza kwa ukarimu." Kisha akacheka mpaka akashikwa na kikohozi, na mchana ule tukaisikia tena sauti ya tatu.

Daktari Onesphory akazitia pini hizo kwenye mifupa ya sungura sita, na mifupa ikaunga. Mwishoni mwa mwaka ikaja kamati ya watu saba kukagua. Walitaka kuziona pini. Wakaelezwa kwamba mafanikio yenyewe ni kwamba hazipo tena. Wakatazamana, wakanywa soda, wakaandika kwenye ripoti: "Hakuna kilichoonekana." Sentensi hiyo tumeikata na kuibandika ukutani, kwa kuwa katika maisha ya kamati zetu hatujawahi kupata nyingine ya kweli kama hiyo.

Hapo ndipo mzaha unapopumzika kidogo. Katikati ya Aprili mwaka huu gunia la viazi liliporomoka kutoka kwenye lori sokoni na kuuvunja mkono wa kulia wa Mama Severa, mfupa wa kiganja ulio chini ya kidole cha kati. Pini za chuma zimeadimika kama sabuni. Daktari aliambiwa asubiri wiki tatu, na mfupa hauna subira hiyo. Akataja pini ya Eliakimu.

Aliyekataa alikuwa Eliakimu. Alisema sungura ni sungura. Alisema koti likipasuka mapema mfupa utahama, gesi itaujaza mkono, na mama wa watu atarudi kwenye kisu au atabaki na mkono wa kutazamwa tu. Alikwenda mwenyewe nyumbani kwake kumtisha. Mwandishi alikuwepo. Alimsimulia mkono wa Bi. Euphrasia tangu ngazi za Feri mpaka kile kitambaa cheupe juu ya cherehani, bila kuficha kitu, naye Mama Severa akasikiliza hadi mwisho, mkono wake umevimba juu ya mto.

"Mzee wangu," akamwambia, "mimi nikilala hakuna wa kunichotea supu. Mara mbili sipasuliwi. Nitie hiyo yako."

Eliakimu aliiosha pini ile asubuhi nzima. Hakuna aliyemtania.

Kwa wiki tisa alipita nyumbani kwa Mama Severa kila jioni, akaukagua mkono, akauliza kama unavuta au unavimba, akaondoka bila kukubali kuketi. Alikonda. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilituingia sote, maana tulijua kilichokuwa ndani ya mkono ule: mwanamke anayejilisha kwa kuchota, na ahadi ya mtu aliyebakiza siku za kuhesabika.

Alhamisi iliyopita, tarehe 24 Juni, tulimsindikiza hospitali. Bi. Euphrasia, ambaye hakuwa amekanyaga chumba cha daktari wa mifupa tangu mkono wake ulipoharibika, alisema naye anakwenda. Daktari Onesphory aliinua picha ya eksirei dirishani. Mfupa ulikuwa umeshikana. Pini ilikuwa imebaki kama uzi uliofifia, na pembeni yake hapakuwa na pengo wala gesi. Daktari akasema hakuna sababu ya kuupasua tena mkono huu, na kilichobaki kitakwenda zake. Eliakimu akaomba lisomwe jina lililoandikwa kwenye picha, isije ikawa ya mtu mwingine. Likasomwa. Lilikuwa la Mama Severa mwenyewe.

Bi. Euphrasia aliinuka. Kwa mkono wake wa kushoto aliushika mkono wa Mama Severa, akavikunja vidole kimoja baada ya kingine mpaka ikawa ngumi, akavikunjua. "Funga tena, mwenyewe," akamwambia. Mama Severa akafunga. Bi. Euphrasia akaiweka ngumi ile juu ya kiganja chake cha kulia, kile kisichofunga, akakaa nayo hivyo. Kisha akamgeukia mumewe.

"Haya, Baba Anaeli," akasema. "Sasa staafu."

Mzee wetu alilia pale pale mbele ya daktari, nasi tukalia naye, na mwandishi haombi radhi kwa kuliweka jambo hili kwenye programu ya sherehe.

Ndugu Eliakimu, Hemlata anabaki na matangi, daftari la baba yake na koti la tatu, na Daktari ameshatutumia majina mawili ya wagonjwa wengine. Asante kwa miaka yako, kwa ukali wako kuhusu alama za vidole, na kwa kutusamehe. Rudini Machame salama wewe na mama, Mungu awape afya na mvua za wakati wake, na siku zenu zilizobaki ziwe nyingi na njema.